Lulu au dhahabu: kipi kikae shingoni siku ya harusi?

Kila msimu wa harusi hapa Dar, mjadala huu unarudi. Wapenda lulu humtaja Malkia Elizabeth II na mkufu wake wa nyuzi tatu. Mimi nautazama zaidi ule wake wa nyuzi nne: mkwe wake Diana aliuvaa kwenye karamu mwaka 1982, kisha Catherine, mke wa Prince William, akauvaa kwenye mazishi ya Prince Philip, mume wa Malkia, mwaka 2021. Karamu na msiba, mkufu uleule. Dhahabu nzito msibani ingepiga kelele.

Kwa pesa, dhahabu inashinda bila ubishi. Sonara anapima gramu, anakulipa. Ukikwama ada ya shule unajua pa kukimbilia. Lulu ukishainunua, kuiuza tena ni kazi.

Utunzaji ndio unaowaponza wengi. Jasho la Februari na marashi huila lulu ikapoteza mng'ao. Jipulizie kwanza, ivae mwisho, ukirudi ifute kwa kitambaa laini. Na uzi uangalie! Wangu ulikatika ukumbini Sinza, punje zikaviringika chini ya viti vya wakwe, kwa sababu haukuwa na fundo kati ya punje na punje. Dhahabu unaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, basi.

Kama wewe ni mama wa bwana harusi na gauni lina nakshi nyingi, lulu itakutuliza. Bibi harusi anayeanza maisha, mwenye kitenge cha rangi moja, mpeni dhahabu. Ukipanda daladala usiku, vyote viwili viende kwenye pochi.