Kigeji cha presha ya mafuta cha elfu 55: kimeniokolea hela ya pampu ila viungo vyake majanga

Wakuu, nina Corolla 110 ya mwaka 98, injini 5A, na kwa kama miezi mitatu asubuhi ilikuwa inanitia aibu, unapiga stata inazunguka weee sekunde 7 mpaka 8 ndo inashika, afu ukiizima ukaenda dukani ukarudi inawaka hapohapo kama gari jipya. Fundi wa kwanza kabadilisha plagi. Wa pili kasema betri. Wa tatu, pampu imechoka, lete laki na ishirini. Hapo ndo nikashuka Gerezani, Dar, nikabeba hiki kigeji, boksi jekundu halina hata jina la kampuni, elfu 55 baada ya kubishana sana.

Toyota hizi za zamani hazina ile valvu ya kuchomekea geji kwenye reli ya nozo (bomba linalogawia mafuta nozo zinazopuliza kwenye injini), inabidi uingilie pale bomba linapotoka kwenye filta, na ndani ya boksi la geji kuna bolti yenye tundu inayokaa pale vizuri tu, hapo nawapongeza. Pampu nayo haipigi ukifungua swichi tu, mpaka upige stata, kwa hiyo nikachukua kipande cha waya nikaunganisha matundu ya FP na +B kwenye kile kiboksi cha kupimia gari chini ya boneti, pampu ikaanza kulia kule nyuma na mshale ukapanda mpaka psi 40 (psi ni kipimo cha presha). Injini hizi zinataka psi 38 hadi 44. Yaani pampu nzima kabisa, nilicheka peke yangu nikimkumbuka yule fundi.

Sasa utamu uko ukichomoa waya. Kitabu cha mafundi kinataka baada ya dakika 5 ibaki angalau psi 21, yangu dakika 2 tu iko psi 5. Nikapandisha tena, nikachomoa waya na papo hapo nikaubana mpira wa kurudisha mafuta tenki kwa praizi niliyoiviringisha kitambaa (msibane kwa chuma kitupu, mpira utapasuka), mshale ukaganda 36, nikanywa chai nikarudi uko 34. Rejuleta hiyo, yaani kile kidude kinachoshikilia presha na kurudisha mafuta ya ziada tenki! Ingeendelea kushuka ningehamia kwenye kivalvu cha ndani ya pampu au nozo zinazodondosha. Kumbe gari ikilala presha yote inakimbilia tenki, asubuhi stata inaanza kazi ya kujaza upya. Rejuleta ya mtumba elfu 30, sasa hivi ukigusa tu imewaka.

Ila ubaya upo, tena mkubwa. Washa (vile vipete vya kuzibia kiungo) walizoweka ni za hovyo, mara ya kwanza kiungo kilivuja petroli ikawa inadondokea gia boksi, bahati injini ilikuwa ya baridi na kizima moto nilikuwa nacho mguuni. Nikatupa zote nikanunua za shaba za mia tano mia tano, kimya mpaka leo. Kile kitufe cha kutolea presha kinafanya kazi ila kimpira chake kifupi mno, nimejimwagia petroli mpaka kwapani. Geji yenyewe nimeilinganisha na ya gereji moja huku mtaani, inapunja kama psi 2, si mbaya kwa hela hiyo.

Nyota 3 na nusu. Boksi lenyewe bawaba zilikatika siku ya kwanza, vifaa sasa vinakaa kwenye kopo la Blue Band.