Nimefunga madirisha mapya ya pembeni kwenye MGA yangu, haya ndo yaliyonikuta

Nina MGA 1600 ya 1960, gari dogo la michezo la kampuni ya MG, ile ya wazi, niko nayo hukuhuku Uingereza ilikoundwa, Abingdon. Kwa wasioijua, mlango wake hauna kioo cha kupandisha wala kitasa cha nje (wenye MGA za kupe, yaani zenye paa la chuma, ndo walipewa hayo), mvua ikija unafunga turubai juu halafu unapachika fremu mbili za plastiki angavu milangoni, na ukiwa nje unasukuma kidirisha, unapenyeza mkono, unavuta kamba iliyopo ndani ndo mlango unafunguka. Zangu za zamani zilishageuka rangi ya chai, usiku huoni kitu pembeni.

Nikaagiza seti mpya, pauni 400 na ushee, muuzaji kaandika zinaingia bila kuchonga chochote. Thubutu! Ya kulia iliingia fresh, ya kushoto bano lake la nyuma (chuma kinachoishikilia fremu mlangoni) likapishana na tundu la mlango karibu upana wa kidole, nikahangaika nayo saa nzima mwisho nikang'oa bano la ile ya zamani nikalifunga kwenye mpya, ikakaa.

Kosa langu mimi ni kufunga madirisha kwanza turubai baadaye. Usifanye hivyo. Turubai ianze, ivutwe hadi ikaze, ndo uje na fremu, na ukingo wake wa juu uingie ndani ya pindo la turubai, ukiuacha nje maji yote ya juu yanateremka kwenye mapaja yako.

Nikamkalisha mama watoto ndani na tochi, mimi nje namwagia na mpira wa maji. Haikufika dakika nasikia, "Baba watoto, we unaosha gari au unaniosha mimi?" Yanaingilia kwenye kona ya mbele, pale fremu inapokutana na nguzo ya kioo cha mbele. Nikaongeza utepe wa raba, halafu nikaweka washa mbili (vile vipete bapa vya kukalia skrubu) chini ya bano ili fremu iinamie ndani kidogo, hii nayo inasaidia sana maana ukifika maili 60 kwa saa upepo unaivuta fremu kwa nje na uwazi unatokea juu.

Kwa sasa tone mojamoja bado linapita upande wa abiria, na mkiwa wawili ndani vioo vinashika ukungu balaa, inabidi uache kidirisha wazi kidogo. Ila kuona, naona safi kabisa. Kusafisha tumia maji ya sabuni na kitambaa laini tu, zile dawa za vioo zenye amonia zinaipasua plastiki nyufa ndogondogo.

Ningenunua tena? Ndio, ila hiyo ya "bila kuchonga" siisadiki tena. Na zile za zamani sizitupi, bano la kulia bado zima.