Darubini mbili ndani ya miezi minne, uzoefu wangu: angalia miguu kwanza

Jumapili ile ya Septemba 7, 2025 mwezi ulivyopatwa nilikuwa nje hapa Dodoma na majirani, kufika saa mbili na nusu usiku ulishakuwa mwekundu wote kama shaba na ukakaa hivyo zaidi ya saa nzima, watoto hawataki kuingia ndani. Na mimi ile ya jua ya Rujewa mwaka 2016, iliyobakisha pete tu, niliikosa na iliniuma sana, kwa hiyo safari hii nikasema nanunua darubini. Wiki hiyohiyo nikaagiza mtandaoni, laki mbili na ishirini.

Sitaji jina maana za aina hii ziko nyingi na zote zinafanana. Boksi limeandikwa 525x, yani eti inakuza mara 525, kwa maandishi makubwa kuliko kitu kingine chochote, ndani kuna bomba lenye kioo cha milimita 60, urefu wake wa fokasi milimita 700, na lenzi za jicho tatu (zile ndogo unazotazamia), za milimita 20, 12.5 na 4, pamoja na balo ya mara tatu, kile kilenzi cha kuongeza ukuzaji. Ile 525 inatoka hivi: unachukua 700 unagawa kwa 4 unapata 175, unazidisha mara tatu za balo. Hesabu ni ya kweli kabisa ila kioo cha milimita 60 hakikusanyi mwanga wa kutosha kazi hiyo, kwa kawaida ukuzaji unaobebeka ni kama mara mbili ya milimita za kioo, yani hapo mwisho 120, ukivuka unakuza ukungu.

Lakini kilichonitesa zaidi ni miguu. Vile vyuma vyembamba vitatu, ukigusa tu kifundo cha kuweka fokasi nyota inaruka huku na huku, unasubiri itulie sekunde nne tano, ikitulia imeshasogea inatoka kwenye kioo, unaanza upya. Nikafunga dumu la maji la lita tano katikati ya miguu ikasaidia kidogo (kama unayo ya aina hii jaribu, inasaidia kweli). Usiku wa kwanza nilioikamata sayari ya Zohali, na ile lenzi ya 20, nikaona kidoto cha njano kina mstari kama sindano imechomwa katikati, nikajua kioo kibovu maana mimi nilitegemea pete zile za kwenye vitabu. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2025 ndo pete zilikuwa zimetugeukia ubavu, mwezi wa tatu zilikuwa ubavu kabisa, na hiyo inatokea kila baada ya miaka kama 15. Basi kioo kilikuwa hakina kosa hata kidogo.

Kitu kimoja naomba mnisikilize wote wenye watoto nyumbani. Kwenye boksi kulikuwa na kikioo cheusi kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, eti cha kutazamia jua. Nimekivunja kwa nyundo siku hiyohiyo. Joto lote la jua linakusanyika hapohapo kilipo, kinaweza kupasuka wakati jicho liko pale, na jicho likiungua ndo basi. Kichujio cha jua kinafungwa mbele ya bomba, mwanga haujaingia bado.

Ya pili imefika mwanzoni mwa Januari, binamu yangu alikuja nayo kutoka Uingereza, ukijumlisha kila kitu kama laki saba na nusu. Hii haina miguu kabisa. Ni mtindo wa Dobson, unaitwa kwa yule John Dobson wa San Francisco aliyefundisha watu kujitengenezea darubini kwa mbao na vitu vya bei ndogo, boksi la mbao linalozunguka na bomba linapanda na kushuka, unasukuma kwa mkono. Kioo milimita 130, kinakusanya mwanga zaidi ya mara nne ya ile ya kwanza, na nzima ina kilo sita hivi. Unaiweka juu ya kitu kizito, mimi nimepanga tofali za bloku nne, naweka fokasi na picha haitikisiki. Kwa kweli hapo ndo nilijua kumbe hata ile ya 60 ingekuwa na pa kukaa pazuri ningeipenda.

Sayari ya Mshtarii kwa lenzi ya 10 (urefu wa fokasi wa hii ni milimita 650, 650 gawa kwa 10, mara 65) unaona mistari miwili ya kahawia na miezi minne imejipanga, kesho yake imebadilishana nafasi, mwezi huohuo wa Januari ndo Galileo alianza kuichora mwaka 1610. Inakatiza kioo dakika tatu hivi, unaifuata kwa kusukuma kidogokidogo, mkono unazoea.

Shida zake: bomba liko wazi katikati, na Dodoma vumbi lake mnalijua, fundi cherehani amenishonea kitambaa cheusi cha baibui cha kuzungushia. Afu vioo vinahama kwenye gari, kila nikifika naangalia nyota angavu kwa fokasi mbaya makusudi ionekane duara ndani ya duara, zikikaa upande mmoja nalegeza skrubu za nyuma mpaka ziwe katikati. Mara ya kwanza ilinichukua saa nzima, sasa dakika tano.

Nilienda nayo kwa bibi kule Bahi, katikati ya Januari mvua zilipokata siku tatu na mwezi haupo. Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo inaona Kilimia?" maana yeye Kilimia, lile fungu la nyota, anakijua kwa kilimo, wakikiona kimetokea wanajua jembe liko karibu. Nikaweka lenzi ya 25, ile ya kukuza kidogo, Kilimia ni kipana ukikuza sana hakienei. Akakaa kwenye kigoda, akashika kilemba kisimwangukie usoni, akafumba jicho la kushoto kwa kidole. Kimya. Kwa macho anahesabu sita, akaanza kuhesabu kwa sauti kwa Kigogo, akafika kumi na ngapi sijui akaacha, akasema, "Kumbe walikuwa wengi hivi siku zote." Hakuniachia lenzi mpaka kikatoka kwenye kioo, akaniambia nikirudishe, nikarudisha, mara nne.

Ameshaniuliza narudi lini. Nimemwambia Aprili kwenda Mei mvua zikiisha, Msalaba wa Kusini unakuwa juu mapema usiku, na pembeni yake kuna Omega Centauri, lile fungu la nyota ambalo kwa macho ni kama tone la maziwa, hilo sijawahi kulitazama na nataka tulione wote kwa mara ya kwanza.