TAHADHARI: Muuzaji wa laptopu anayetibu skrini ya bluu kwa kupiga Windows upya

Ndugu zangu, yeyote anayetafuta laptopu iliyokwishatumika asome hii kabla hajatoa hela. Kuna muuzaji aliyemuuzia mdogo wangu mashine yenye RAM (kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi) mbovu, na kila ilipoanguka na kuleta skrini ya bluu jibu lake lilikuwa lilelile: "Hivyo ni virusi tu, lete nikupigie Windows." Anapiga, yaani anaisakinisha upya, analipisha, mashine inatulia kidogo, kisha inarudi kulekule. Akampiga danadana hivyo mpaka waranti ikaisha. Simtaji jina, kwa sababu mchezo huu hauchezwi na mtu mmoja, na ukijua unavyochezwa utamtambua yeyote anayekuletea.

Ukiwa mbele yake kila kitu ni kizuri. Windows ni mpya, inawaka haraka, unafungua faili moja mbili, haina neno. Hapo RAM mbovu haijitangazi, maana sehemu iliyoharibika inaweza kukaa bila kuguswa hadi mashine ibebe mzigo. Kwa mdogo wangu ilikuwa akiwa kwenye kikao cha video huku amefungua kurasa nyingi: sauti inakwama, skrini yote inageuka bluu, uso wa huzuni, asilimia zinahesabu, mashine inajiwasha upya yenyewe. Chini kuna msimbo wa kosa. Leo unasoma MEMORY_MANAGEMENT, mara nyingine IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, kisha PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Misimbo ikibadilika hovyo namna hiyo, mshuku RAM kwanza. Draiva (programu inayoendesha kifaa fulani cha mashine) mbovu nayo huleta skrini ya bluu, sikatai, lakini hiyo mara nyingi hujirudia na msimbo uleule, na pengine skrini inataja faili lenyewe lenye mwisho wa .sys. Hapo kubadilisha draiva, au hata kupiga Windows, kunaweza kusaidia kweli. RAM iliyokufa haiponi kwa Windows mpya hata ukiipiga kila wiki.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kuformati, yaani kufuta diski yote, kunafuta ushahidi. Mashine ikianguka, kwa kawaida Windows huandika faili dogo kwenye C:\Windows\Minidump, na ndani ya Event Viewer, daftari la matukio la Windows, hubaki tukio namba 41 la Kernel-Power na namba 1001 la BugCheck. Fundi mkweli huanzia hapo. Huyu hakufungua hata kimoja, alichomeka flashi akafuta diski yote, na pamoja na kumbukumbu hizo zikaenda rasimu za masomo za mdogo wangu, ambaye hakuambiwa hata ahamishe mafaili yake kwanza. Mtu anayefuta kazi ya mwanafunzi bila kumuuliza, kisha akamdai hela, hafai kuaminiwa na mashine ya mtu yeyote.

Tulichofanya ni kuweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi na kuiwasha mashine kutoka humo. Programu hii inafanya kazi nje ya Windows kabisa, kwa hiyo hakuna wa kusingizia virusi. Makosa yalianza kumiminika kabla hata ya mzunguko wa kwanza kuisha. Mashine ilikuwa na RAM mbili, tukazipima moja moja: ya kwanza ikamaliza bila kosa, ya pili ikajaza makosa tena. Na kosa likiwa hata moja, hiyo RAM ni ya kutolewa. Muuzaji alipotumiwa picha alijibu kwamba kwa kuifungua mashine tumeua waranti, ile waranti ambayo alikwishasema imeisha.

Kwa hiyo mkienda kununua, pimeni palepale mbele ya muuzaji. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, iruhusu ijiwashe upya ipime RAM. Inachukua muda, na anayeuza mali nzima atakuvumilia. Halafu fungua perfmon /rel uone chati ya uimara wa mashine. Alama nyekundu zikipangana siku kwa siku, ondoka. Kwenye dirisha la amri (Command Prompt) andika systeminfo uangalie tarehe ya kusakinishwa Windows. Ikiwa ni ya jana si hatia, wengi husafisha mashine kabla ya kuuza, ila hapo chati tupu haikuambii lolote na kipimo cha RAM ndicho utakachokitegemea. Ikiwa Windows ni ya zamani lakini kumbukumbu za Event Viewer zinaanzia leo, tafuta tukio namba 104: lina maana kuna mtu amezifuta kwa makusudi. Uliza pia kama RAM imechomelewa kwenye ubao mkuu wa mashine, kwa sababu ikiwa hivyo haichomolewi kirahisi na ikifa huna pa kuanzia. Ukiona msimbo WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR wakati wa majaribio usibishane na mtu, mara nyingi huo ni ugonjwa wa kifaa chenyewe.

Jambo jingine kwa wanaohangaika na hali hii: skrini ya bluu ya kweli haina namba ya simu. Ikitokea inayokutaka upige simu "kwa msaada", huo ni ukurasa wa matapeli uliojaza skrini. Bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, funga kivinjari, usimruhusu mtu kuingia kwenye mashine yako kwa mbali. Na kwenye Windows 11, kuanzia 2025, skrini hiyo imekuwa nyeusi. Asikudanganye mtu kwamba kwa kuwa si bluu basi si tatizo.

Mashine ya mdogo wangu sasa ina RAM nyingine tuliyoipata kwingine na haijaanguka tena. Hela za kupigiwa Windows hazijarudi. Kama nawe uko mikononi mwa mtu wa namna hii na waranti bado ipo, piga picha kila skrini ya bluu pamoja na msimbo wake, hamisha mafaili yako, dai kwa maandishi RAM ipimwe, na usikubali mashine iformatiwe kabla hujaonyeshwa matokeo.