OpenBSD kwenye laptopu yangu: usiku mzima nikitafuta waifai

Nilitaka kujaribu mfumo endeshi ambao hakuna mwenzangu kazini anayeutumia. Nikachagua OpenBSD, iliyozaliwa mwaka 1995 baada ya mwandishi wa programu Theo de Raadt kutengana na mradi wa NetBSD, mfumo endeshi mwingine, kwa sababu mafundi wa seva ninaowaheshimu huitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mganga wake.

Kuisakinisha kulikuwa kazi nyepesi. Maswali ni machache na majibu yameshapendekezwa, ingawa ole wako ukibonyeza Enter bila kusoma swali la diski, kwani jibu lililopendekezwa ni kuichukua diski nzima.

Kasheshe ilianza kompyuta ilipowaka upya: maandishi meupe yalishuka juu ya rangi ya bluu, kadi ya waifai ikatajwa kwa jina, lakini ilikuwa bubu. Inahitaji faili ndogo ambayo haimo kwenye flashi ya usakinishaji. Faili hiyo huletwa na amri ya fw_update, na fw_update huipakua kutoka mtandaoni. Yaani nipate mtandao kwanza ndipo nipate mtandao! Nilihangaika mpaka adhana ya alfajiri, nikiapa kwamba hiyo ni kejeli wala si programu, nikaandaa hata flashi nyingine ya kurudisha mfumo wangu wa zamani.

Hasira iliposhuka ndipo nikasoma mwongozo uliomo humo humo kwenye mashine, nikagundua kwamba nilikuwa nagombana na asiyehusika. Faili ile ni mali ya mtengenezaji wa kadi, leseni yake si huru, na jamaa wa OpenBSD hawaingizi kisicho huru kwenye kazi yao. Wa kulaumiwa ni huyo mtengenezaji, ambaye pesa yangu alishaila. Nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikairuhusu igawe intaneti, ikajitokeza kwa jina la urndis0, nikaipatia anwani, kisha nikaandika fw_update. Nilipowasha upya, waifai ikashika.

Mwongozo ulioandikwa kwa uaminifu namna ile sijauona kwingine, na ningetoa nyota tano bila kusita. Ila Bluetooth waliiondoa kabisa mwaka 2014, na spika yangu sasa imelala kabatini. Basi ziwe nne. Au tatu, kwa mwenye kadi kama yangu na asiye na waya wa simu. Hata hivyo haya yote nimeyaandikia humo humo, na ile flashi ya kurudia nilikotoka nimeshaijaza nyimbo za taarabu.