Shampeni ya Harusi Mwanza: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Kamati za harusi hapa Mwanza zikifika kwenye vinywaji huandika "shampeni" na idadi ya chupa, basi. Aliyetumwa dukani anarudi na ile yenye karatasi ya dhahabu shingoni. Karatasi hiyo haisemi lolote. Soma lebo ujue mapovu yametengenezwaje na sukari ni kiasi gani.

Mimi naanza na Cap Classique ya Afrika Kusini. Mvinyo huu huchachuka mara ya pili ndani ya chupa ileile unayoinunua, ukalala na hamira yake miezi isiyopungua 12, ndiyo maana mapovu yake ni madogo, yanadumu, na harufu inakaribia ya mkate uliotoka jikoni. Ni njia ya Champagne yenyewe, ile shampeni halisi ya Ufaransa. Kwa Afrika Kusini, Simonsig, watengenezaji mvinyo wa Stellenbosch, waliianza mwaka 1971. Zabibu mara nyingi ni Chardonnay na Pinot Noir, wengine hutia Chenin Blanc. Chukua iliyoandikwa Brut: sukari haifiki gramu 12 kwa lita, na uchachu wake unakata vizuri mafuta ya sato wa kukaanga.

Cava ya Hispania inafuata. Njia ni hiyohiyo, inalala miezi 9 au zaidi, zabibu ni Macabeo, Xarel·lo na Parellada. Ukiikuta kwa bei ya chini kuliko Cap Classique, beba.

Ya tatu ni Prosecco ya Italia, ya zabibu ya Glera. Mapovu yake hupatikana kwenye tangi kubwa la chuma, kazi inakwisha haraka na bei inashuka. Ina ladha ya tufaha na peasi. Angalizo: Extra Dry ni tamu kuliko Brut, gramu 12 hadi 17. Mama zetu wasiopenda uchachu wataifurahia. Wakitaka utamu hasa wa kushushia keki, watafutie Demi-Sec au Asti ya zabibu za Moscato.

Champagne nimeiweka ya nne, na najua wapo watakaonuna. Ni nzuri, tena sana, ila inatoka eneo moja tu la Ufaransa na bei yake inakula bajeti ya ukumbi. Chupa moja ya meza kuu inatosha.

Mwisho kabisa ni mvinyo uliotiwa gesi kama soda. Wa kunywa, hapana. Wa kutikisa na kurushiana wakati wa picha kule Capri Point, nunua huo huo.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 6 ndogo. Usinunue iliyokaa dirishani juani. Izamishe kwenye ndoo ya barafu na maji nusu saa, kisha mfunguaji akandamize kizibo kwa kidole gumba tangu anapolegeza waya, azungushe chupa taratibu, na mdomo wa chupa usielekee kwa bibi harusi: presha ya ndani ni zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo.