Uzoefu wangu: Wuthering Heights kwa msomaji anayetafuta nyika za erika

Nyota nne kati ya tano. Riwaya hii ya Emily Brontë, iliyotoka mwaka 1847, inasifiwa sana kwa nyika zake za Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, zenye erika (kichaka cha maua kiitwacho heather kwa Kiingereza), hata msomaji mpya hutegemea kurasa nzima za vilima na maua. Hazimo. Mandhari imetawanywa, sentensi moja hapa, mbili pale, mara nyingi midomoni mwa wahusika. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa, kwa sababu hakuna kichaka kilichowekwa kama pambo.

Sura ya 1 ina misonobari iliyodumaa na miiba iliyonyoosha matawi upande mmoja tu, na kwa hayo unaujua upepo wa kaskazini. Mwishoni mwa sura ya 3 theluji imefukia mawe yaliyopakwa chokaa ili yamwongoze mpita njia gizani, na pande zote mbili ni vinamasi. Lockwood, mpangaji anayetusimulia, ana maili 2 kutoka getini hadi nyumbani kwake. Kwa kupotea na kuzama anazifanya 4. Katika sura ya 12 Catherine, mhusika mkuu wa kike, akiwa mgonjwa, anaamini angerudi kuwa yeye mwenyewe lau angefika kwenye erika za vilima vile. Kisha soma kaburi lake, sura ya 16: ukuta wa makaburi ni mfupi, na mimea ya nyikani imeshauruka.

Sura ya 24 ndiyo bora kuliko zote. Linton anataka kulala juu ya erika siku ya joto ya Julai, nyuki wakivuma na anga bila wingu. Cathy, binti wa Catherine na binamu yake Linton, anataka upepo wa magharibi, mawingu yanayokimbia na mti unaomrusharusha. Wanagombana kweli, na tabia zao zote mbili zimo humo.

Aliyepanda Kilimanjaro asiwaze ile erika yenye kimo cha mti. Ya Yorkshire kwa kawaida haipiti goti sana, na huchanua zaidi Agosti. Miezi mingine kilima ni kahawia.

Usinunue toleo lililofupishwa: mandhari ndiyo hukatwa kwanza. Matoleo mengine hugawa kitabu sehemu mbili na kuanza upya hesabu baada ya sura ya 14, hivyo sura ya 24 utaikuta kama ya 10 ya sehemu ya pili. Nyota niliyoipunguza ni ya Joseph, mtumishi ambaye lahaja yake humkwamisha hata anayekijua Kiingereza vizuri. Tafuta toleo lenye maelezo, au lile linalofuata matini ya 1850, ambamo Charlotte, dada wa mwandishi, alilainisha maneno ya Joseph.

Anayetaka nyika ielezwe kwa utulivu, ukurasa baada ya ukurasa, achukue The Return of the Native ya Thomas Hardy, ya 1878. Sura nzima ya kwanza ni nyika ya Egdon jioni ya Novemba, kabla mhusika yeyote hajatokea.